Mota ya Kagerankanda na Kibati Chake

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo ya draivu, yale masanduku ya kuendeshea mota, kwa kuwa vitabu vinavyokuja nazo vimeandikwa na watu ambao hawajawahi kupumua vumbi la Kasulu. Nimekaa, nimeandika. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara wangu mnaujua, tulikuwa tukiulalamikia pamoja. Nitawaeleza zaidi habari ya kipande cha bati kidogo kuliko kiganja changu. Nimeshika umeme zaidi ya nusu ya umri wangu, na nilidhani hakuna cha kunishtua tena isipokuwa waya wenyewe. Kile kibati kilinishtua, na nikikifikiria hata leo nashtuka upya.

Niliripoti Kibondo mwaka 2012 nikitokea Tanga, kwenye joto. Nilikuja na kanga na kandambili, nikapokewa na ukungu, na sweta la mtumba nililinunua kabla ya godoro. Asubuhi ya kwanza watu walinisalimia "Mwakeye", nami nikabaki kuwatazama, wakacheka, wakanisalimia upya kwa Kiswahili. Mambo hayo ni ya kawaida kwa mgeni. Kilichonitisha ni umeme. Mji ulikuwa unaendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na watu wakirudi nyumbani wakawasha taa na redio, volti zilishuka mpaka mota za pampu zikawa zinanguruma bila kuzunguka. Wakizima, volti zilipanda hadi balbu zinapasuka. Nilijiuliza nani makao makuu ananichukia kiasi hiki.

Kisha nikaonyeshwa draivu. Mimi nilikulia kwenye swichi za nyota na delta: unabonyeza, mota inaanza taratibu, kontakta linagonga, kazi imekwisha. Kibondo nilikuta sanduku lenye kioo kidogo na vitufe, linalopokea umeme mbovu wa mji na kuipa mota umeme wa masafa linayoyataka lenyewe. Na haikuwa draivu ya kupandisha volti na masafa tu kwa pamoja. Ilikuwa ya vekta. Kwa maneno ya karakana, draivu ya vekta inajaribu kujua mota inafanya nini ndani bila kuchungulia: kiasi gani cha ampea kinatengeneza usumaku, kiasi gani kinasukuma mzigo. Tulizihitaji kwa sababu pampu nyingi za huku ni zile za fimbo ndefu ya chuma inayoshuka kisimani, na chini kuna skrubu inayozunguka ndani ya mpira. Zikilala, mpira unaing'ang'ania skrubu, na kuiamsha asubuhi kunataka nguvu nyingi kwenye mwendo mdogo. Vekta inaiweza kazi hiyo. Lakini hesabu zake zote zinaanzia kwenye namba ulizoiingizia wewe. Ukiiambia uongo, itaupigia hesabu uongo wako kwa uaminifu kabisa na kuuonyesha kwenye kioo kwa tarakimu safi.

Aliyenifundisha ni Mzee Ruhaga, Muha wa Makere, fundi mkuu wa karakana. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye visima vya kambi za wakimbizi kabla ya kurudi kwenye idara yetu ya maji. Hakukuruhusu uguse kitufe cha draivu kabla hujaisalimia mota. Ndivyo alivyosema, kuisalimia. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akafuta kile kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mota mpaka kikang'aa, kisha akarudi nyuma na kusema, "Soma." Nikasoma kwa sauti: nguvu, volti, ampea, masafa, mizunguko kwa dakika, pawafakta. Yeye alirudia kila namba nyuma yangu kama anaitikia dua. Hapo ndipo tulipokwenda kwenye vitufe. Mwanzoni nilimcheka kimoyomoyo. Baada ya miezi nilikuwa nafanya vilevile hata nikiwa peke yangu, na nilikuwa najiitikia.

Mengine aliyonipa nawapa kama alivyonipa. Mota ikitoka kufanya kazi usiipime. Iache ipoe, maana waya wa moto una ukinzani mkubwa, yaani unaubania umeme zaidi, na draivu itaudhani ndio wa siku zote. Pima ukiwa umefunga kebo ileile itakayotumika, kwa sababu urefu wa kebo nao unaingia kwenye hesabu. Kaza viungo vyote kabla, la sivyo utakuwa umeifundisha draivu kiungo kibovu. Draivu inaweza kuijaribu mota ikiwa imesimama, na hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kuijaribu ikizunguka huru, mikanda imefunguliwa, na hapo ndipo wavivu wanapojulikana, maana kufungua mikanda ya pampu ni kazi ya jasho. Mzee alikuwa pia na kijitabia kimoja: akikaza skrubu za bapa, aliacha mifereji ya vichwa vyake yote imesimama wima, kama askari gwarideni. Nilimuuliza faida yake. Alisema hakuna, ila macho yanapumzika.

Kwenye kuta za vyumba vya pampu tulivyozungukia kulikuwa na misumari, na kwenye baadhi ya misumari vilining'inia vibati vya mota. Niliogopa nikidhani wezi wamevibandua. Mzee alinieleza kwamba ni desturi ya huku. Mota ikiungua inapelekwa mbali kusukwa upya, na wasukaji huchoma nyaya za zamani kwa moto mkali unaoharibu maandishi. Kwa hiyo fundi anatoa kibati kabla mota haijaondoka, anamkabidhi mlinzi wa pampu, na mlinzi anakitundika. Mota ikirudi, kibati kinarudi mahali pake. Mkaguzi akija akauliza mota iko wapi, mlinzi anamwonyesha msumari. Nilikubali kwamba ni akili nzuri, ingawa nilitoka Tanga na sikuwahi kuona mota ikivuliwa jina kabla ya safari.

Mwaka 2014 nilihamishiwa Kasulu, na mwaka huohuo Mzee Ruhaga akastaafu, akarudi kwake Makere kulima maharage. Tulimuaga kwa soda na blanketi. Nililia, na sikuona haya.

Sasa nafika 2015. Mwaka huo, kama mnavyokumbuka, watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi kila siku, na barabara ya Makere ilijaa mabasi na malori yaliyobeba mama, watoto na magodoro. Maji yalikuwa ndiyo kilio cha kwanza. Kisima chetu cha Kagerankanda, kilichokuwa cha zahanati na vijiji vya jirani, kikaanza pia kujaza magari ya maji ya kupeleka kwa wageni. Kilifungwa draivu mpya ya vekta. Mota ilikuwa ile iliyoletwa zamani kidogo kutoka kambi moja iliyofungwa, ambayo mali zake zilikabidhiwa wilaya.

Basi Bwana Kisanga akaniita. Alikuwa mhandisi msimamizi wa kisima hicho, kijana mpole, mtu wa haki, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma zaidi. Aliniambia kisima kinatoa theluthi mbili tu ya maji yanayotakiwa. Theluthi nzima inapotea. Draivu inaonyesha mota inazunguka mizunguko yake yote, 1455 kwa dakika. Aliiona mwenyewe kwenye kioo, siku mbalimbali, bila kutoa taarifa. Pampu ya aina ile kila mzunguko unatoa maji kipimo kilekile, kwa hiyo kama inazunguka sawasawa na tangi halijai, kuna mtu anayachepusha. Mwendesha pampu ameonekana akitoka na ndoo kila mara, na jirani kuna wafyatua matofali ambao mashimo yao hayakauki. Isitoshe, ameonekana akiimwagia mota maji ili iungue. Bwana Kisanga alikuwa amepanga kikao kisimani keshokutwa yake, na askari ataalikwa. Aliniomba nitangulie nikaikague draivu, niandike kwamba haina kosa, ili mtu asiseme ameonewa.

Mwendesha pampu huyo aliitwa Gervasi. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, yeye akazaliwa huku, na karatasi za uraia alikuwa ndiyo kwanza amezipata. Mnajua maneno ya watu katika mwaka kama ule. Kijijini walikwisha kuanza kusema kwamba Mrundi anawauzia Warundi wenzake maji ya zahanati. Akipatikana na kosa, atapoteza kazi na ile nyumba ya kisimani alimoishi na mke na watoto, na hakuna karatasi itakayomzuia mtu kumwambia arudi kwao, mahali ambapo hajawahi kulala hata usiku mmoja.

Nilikwenda siku ileile. Nilimkuta mtu mrefu wa makamo, ameshika kofia mkononi. Alinipa kigoda, akanipa maji ya kunywa. Mota ilikuwa imefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji, na ilikuwa inafuka mvuke. Nikamuuliza ndiyo nini hii.

"Inawaka sana, mama," akasema. "Nikiacha, inanuka kuungua. Nikiiwekea magunia, inakaa mpaka tangi la zahanati lifike nusu."

Hiyo ndiyo ilikuwa ndoo aliyoonekana nayo. Niliyaondoa magunia nikamkanya vikali, maana maji na sanduku la nyaya haviwekwi pamoja hata kwa nia njema, naye akainamisha kichwa. Nikaizima mota tukaiacha ipoe. Ilipopoa nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa nikaanza kufuta kibati. Gervasi akasema anakwenda kuanika magunia, akatoka. Sikulitilia maanani hilo.

Nikasoma kwa sauti, nikajiitikia. Kilowati 11, ampea 22, mizunguko 1455. Nikafungua vitufe: waliofunga draivu walikuwa wameingiza namba zilezile, bila kukosea hata moja. Nilikuwa nimekuja nikitumaini kukuta uzembe wa mkandarasi, nikakuta kazi safi.

Nikaiambia draivu iijaribu mota ikiwa imesimama. Ikaleta ukinzani wa nyaya mkubwa mno kwa mota ya kilowati 11. Nikakaza viungo vyote, nikarudia, ikaleta uleule. Nikafungua sanduku la mota nikapima kwa mita yangu mwenyewe, waya kwa waya. Uleule, na waya zote tatu zililingana. Kwa hiyo hakikuwa kiungo kibovu, wala waya ulioungua upande mmoja. Ilikuwa mota nzima, yenye afya, inayoniambia kwamba waya wake ni mwembamba kuliko ilivyoandikwa.

Nikafungua mikanda. Gervasi alinisaidia kuilegeza. Kabla ya jaribio la kuzunguka, nikaiweka draivu kwenye hali ya kawaida, isiyo ya vekta, nikaizungusha mota ikiwa huru, kwa masafa ya hezi hamsini, nikaelekeza kipima mizunguko kwenye mhimili. Kioo cha draivu kilisema karibu 1500. Kipima mizunguko kikasema karibu 1000.

Nilibadilisha betri za kipima mizunguko. Kikarudia. Nikachukua chaki, nikapiga alama kwenye puli ya mota, nikashusha draivu mpaka hezi moja tu, ambapo mota inajivuta taratibu kiasi cha kuhesabika kwa macho. Kioo kilisema mizunguko 30 kwa dakika. Nikatazama saa yangu ya mkononi, nikahesabu alama ya chaki ikipita juu. Ilipita mara 20.

Nikakaa chini kwenye sakafu iliyolowa bila kujali sketi yangu. Draivu haioni mhimili. Inajua masafa inayotoa, na idadi ya nguzo za usumaku inaibaini kutokana na mizunguko uliyoiandikia. Tuliiandikia 1455, ikaamini mota ina nguzo nne. Hii ilikuwa na sita, na nguzo zikizidi mwendo unapungua. Mota ya nguzo sita, hata uifanyeje, hezi hamsini zitaipa mizunguko elfu moja, na chini kidogo ikibeba mzigo. Kwa hiyo pampu ilikuwa inazunguka theluthi mbili ya mwendo uliodhaniwa, na kutoa theluthi mbili ya maji. Theluthi iliyokuwa inatafutwa kwa wafyatua matofali haikuwahi kutoka ardhini.

Na joto nalo likaeleweka. Nilipima unene wa mhimili na kimo cha mota. Ilikuwa ya kilowati saba na nusu, inayostahili kama ampea 16. Sisi tulikuwa tumeipa ruhusa ya 22, na draivu, iliyowekwa kuilinda, ikawa inaitazama ikichemka na kuona kila kitu ni salama. Zile ndoo za Gervasi ndizo zilizoizuia isiungue.

Ningefurahi, na nilianza kufurahi. Kisha nikainama kutazama kile kibati kimeshikwa na nini. Kibati cha kiwandani hupigiliwa ripiti, vipini vya chuma visivyofunguka kwa bisibisi. Hiki kilikuwa na skrubu nne ndogo za shaba, za bapa, na mifereji yake yote ilikuwa imesimama wima.

Nilijaribu kujiambia kwamba mafundi wengine nao wanaweza kuwa na kijitabia hicho. Sikuyaamini maneno yangu. Nilijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango uko ukuta mwingine. Huyu ndiye aliyenisimamisha mbele ya mota zisizo na idadi akaniambia "Soma", na akaitikia. Nilimuuliza Gervasi kama anajua nani alifunga kibati kile. Akaniangalia, akaangalia mlango, akasema hajui.

Makere iko njiani. Siku iliyofuata, nikirudi Kasulu, nilimwambia dereva wa idara tuingie. Mzee Ruhaga alikuwa anapura maharage uani na mke wake. Alifurahi kuniona mpaka akaangusha fimbo. Walinikaribisha ugali wa muhogo na dagaa, na kwa adabu ya huku huwezi kutaja shida kabla hujanawa mikono. Nilikula bila kuonja. Tulipomaliza nikamwambia kwamba nimekuta mota ya nguzo sita imevaa kibati cha nguzo nne, na skrubu zake zimesimama wima.

Hakubisha. Akaniambia yote kwa sauti ileile ya chini. Mota yenye kibati kile iliungua kambini. Ikapelekwa kusukwa, kibati kikabaki kwenye msumari kwa desturi, na mota haikurudi. Msukaji alifunga duka akahama, hakuna aliyejua alikokwenda. Katikati ya hayo kambi ikaambiwa inafungwa, wakaja wahesabuji wa mali, na wao walihesabu namba za vibati. Mlinzi wa kisima alikuwa na kibati bila mota. Mzee alikwenda kueleza desturi ya msumari, na wahesabuji, watu wa mbali, wakamwambia kwamba mtu mwenye kibati bila mota ameuza mota. Wakati ule waliokuwa hawana karatasi walikuwa wanapakiwa kwenye malori kurudishwa ng'ambo ya mpaka.

"Nilikuwa na mota nyingine stoo, ndogo, haina jina," akasema. "Nikaivisha lile jina. Wakahesabu, wakaridhika. Nilisema nitarudi kuibadilisha, na kambi ikafungwa. Sikujua imekwenda wapi, Mama Asha. Nilidhani imekuwa chuma chakavu."

Nikamuuliza mlinzi huyo alikuwa nani.

"Kijana wa Kirundi, mrefu. Gervasi."

Nilifikiri amekwisha kusikia habari, ananipima. Hakuwa amesikia kitu. Ilinibidi mimi nimwambie kwamba mota ilipoletwa Kagerankanda, Gervasi, kama faili la kisima lilivyosema, aliomba kazi akaja nayo kwa kuwa ndiyo aliyoizoea, na kwamba keshokutwa iliyosemwa ni kesho, na kosa linalotajwa ni wizi, na ushahidi ni namba iliyo kwenye kibati alichokifunga yeye ili kijana huyo asiitwe mwizi. Mzee Ruhaga aliketi chini kwenye maganda ya maharage. Mkewe alimshika bega akamuuliza kwa Kiha kuna nini. Baadaye aliniomba nimpitie asubuhi.

Kesho yake alikuwa ananisubiri barabarani amevaa koti la kazi la zamani, na bisibisi imechomoza mfukoni.

Kikao kilikuwa na Bwana Kisanga, mwenyekiti wa kijiji, askari mmoja aliyeonekana kuchoka, na watu waliokuja kuona. Gervasi alisimama pembeni na mke wake. Alipomwona Mzee Ruhaga akishuka kwenye gari alitikisa kichwa taratibu, kama anayemkataza mtu kitu. Niliona, lakini sikuelewa.

Sikutoa maelezo marefu. Vijana, mkitaka kuwaaminisha watu, wapeni kazi. Nilimwomba Bwana Kisanga ashike saa na ahesabu chaki kwa sauti. Nikamwomba mwenyekiti asome kioo cha draivu. Mikanda ilikuwa bado nje. Nikaweka hezi moja. Mwenyekiti akasoma thelathini. Bwana Kisanga akahesabu, na watu wakaanza kuhesabu pamoja naye, hata askari. Dakika ilipokwisha alikuwa amefika ishirini. Akaitazama saa, akanitazama mimi, akaomba turudie. Tukarudia, ikawa ishirini. Niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa mtu wa hesabu, na sikuhitaji kumwambia ishirini ni nini ya thelathini.

"Sasa kibati hiki ni cha mota gani?" akauliza.

Ndipo Mzee Ruhaga akapita mbele. Alipiga goti kwenye mota, akazifungua zile skrubu moja baada ya nyingine, akakitoa kibati, akasimama nacho mkononi akaeleza kama alivyonieleza mimi. Hakujitetea. Alisema amekivisha chuma jina lisilo lake, na kwa ajili hiyo amekaribia kumfunga mtu yuleyule ambaye yeye alitaka kumwokoa. Hakuna aliyemkatiza. Bwana Kisanga akamwambia askari kwamba amesumbuliwa bure, na mbele ya watu wote akamwomba Gervasi radhi. Kwangu akasema niandike mota ni ya namna gani. Mambo ya kambi, alisema, yalifungwa pamoja na kambi.

Watu walipoondoka niliingiza namba za kweli. Bila kibati ilinibidi nizitafute mwenyewe kwa kipimo cha mhimili, ukinzani, ampea za kuzunguka bure na mwendo. Nikaweka ampea 16 na mizunguko 965. Jaribio la kusimama, jaribio la kuzunguka, yote mawili yakapita. Mzee akanisaidia kurudisha mikanda, na pampu ikaamka bila kutikisika. Maji hayakuongezeka hata ndoo moja. Mota ndogo haiwezi kazi ya kubwa, na kubwa ilikuja baada ya miezi. Tangi lilijaa vilevile polepole, ila kioo sasa kilisema 965, na mota ilikaa bila magunia mpaka mwisho wa zamu.

Wakati nakusanya vifaa nilimuuliza Gervasi swali lililonikera tangu asubuhi. Nilimuuliza kwa nini alimtikisia mzee kichwa.

"Nilikuwepo siku anakifunga, mama," akasema. "Nilimshikia skrubu. Ningesema, wangekwenda kumchukua yeye. Mimi nilishazoea kuitwa mwizi, yeye hajazoea."

Mota na vipimo vilikuwa mikononi mwangu siku zote zile, na mtu mwenye jibu ndiye aliyekuwa ananipa kigoda na maji ya kunywa. Alitoka kuanika magunia ili asisimame akinisikiliza nikisoma namba za uongo, na nilipomuuliza alinijibu akiangalia mlango. Mzee Ruhaga alikuwa amesikia. Aligeukia ukutani akajifanya anafuta bisibisi yake.

Kwa hiyo, wanangu, endeleeni kufuta kibati na kukisoma kwa sauti. Kisha fungueni mikanda, pigeni chaki, wekeni hezi moja, na hesabuni.

Kabla sijastaafu nilipita Kagerankanda mara ya mwisho. Ile mota ndogo ilikuwa imewekwa akiba, na ubavuni ilikuwa na kibati kipya nilichokichonga kwa mkono wangu, chenye namba zake. Cha zamani Mzee alimkabidhi Gervasi siku ile ya kikao, naye alikipokea kwa mikono miwili, akatafuta msumari, akakitundika ukutani karibu na mlango. Nilimuuliza anakiweka cha nini. Akaniambia mota yake bado haijarudi.